Methadoni: kikombe kimoja, safari ya kila siku

Kwenye dirisha la kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, mambo huenda haraka. Jina linahakikiwa, kikombe kidogo kinatolewa, mgonjwa anakunywa palepale, anashushia maji, kisha anasemeshwa ili mtoa dawa ajue imemezwa. Kesho tena. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza hivyo Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke.

Mitaani utasikia: mmemtoa kwenye unga, yaani heroini, mmemfunga kwenye methadoni, tofauti iko wapi? Swali hilo si la kupuuzwa. Methadoni ni ya jamii moja na heroini. Ukiikatisha ghafla arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa, inakupata, tena huchukua siku nyingi zaidi. Ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, inaweza kukuua. Mama aliyetarajia mwanawe aachane na kila kitu baada ya miezi mitatu ana haki ya kuuliza mwisho wake lini.

Ila tofauti ipo. Heroini huisha mwilini baada ya saa chache, ndiyo maana teja huamka na makamasi, tumbo linakata, mifupa inauma, na siku nzima inaishia kusaka kete. Methadoni hupanda polepole na kumshikilia mtu hadi kesho yake. Sindano zinapungua, na kwa sindano ndiko VVU na homa ya ini vilikopitia. Wapo walioacha kavukavu, bila methadoni, kwenye soba, yaani nyumba za kuachia dawa za kulevya, nami nawaheshimu sana. Lakini mwili uliokaa miezi bila unga hupoteza mazoea. Akirudia kipimo chake cha zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo. Familia nyingi haziambiwi hili.

Kwangu mimi, tatizo kubwa liko barabarani. Dawa ni kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anayeunganisha daladala mbili atatoa wapi nauli, na atafika kazini saa ngapi? Ni kweli, dozi ya kwenda nayo nyumbani inaweza kuuzwa, na kiasi anachokunywa mzoefu kinaweza kumuua mtoto akikionja. Kwa hiyo anayeanza leo asimamiwe kila siku. Lakini fundi ambaye hajagusa unga miaka miwili, anayetakiwa saiti saa moja asubuhi, apewe dozi za siku kadhaa, kwenye chupa ambayo mtoto hawezi kuifungua, na kabati la kuifungia kwa ufunguo.