Kuogelea kwa ajili ya moyo: pisini fupi, ziwa refu na mlima wa bure

Goma na Bukavu zina Ziwa Kivu mlangoni, na hoteli kadhaa za ufukweni hukuingiza pisini ukilipa. Ndiyo maana kila anayetafuta pumzi huambiwa aogelee. Ushauri ni mzuri; utekelezaji ndio unaochechemea.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Maji hubeba mwili, hivyo mwenye magoti mabovu au kilo nyingi anaweza kuuchosha moyo nusu saa bila kuumiza viungo. Kwenye barabara za Goma zenye mawe ya volkano yanayotegua vifundo, hilo si jambo dogo. Maji pia hukandamiza mwili, damu ikarudi moyoni kwa wingi, na mapigo yakawa chini kwa takriban 10 kwa dakika kuliko ya mkimbiaji mwenye bidii ileile. Anayefuata hesabu ya 220 toa umri, ya kukadiria kikomo cha mapigo ya moyo, asijilaumu bure.

Lakini pisini nyingi za hoteli ni fupi. Chukua ya mita 15: kila ukigeuka na kujisukuma ukutani, unateleza mita 3 au 4 bila jasho. Karibu robo ya safari umepewa na ukuta. Mtu anakwenda na kurudi mara 20, anajisifu kwa mita 600, kumbe moyo umekuwa ukiibia mapumziko njia nzima. Hapo hesabu dakika: ogelea 2, simama sekunde 30, rudia mara 8. Ukisimama, pima mapigo shingoni kwa sekunde 10, zidisha kwa 6. Ukiweza kupiga soga papo hapo, umetalii tu.

Anayeanza hukata pumzi kwenye mita 25, na mara nyingi moyo hauna kosa. Amebana hewa majini. Akitoa uso lazima aitoe na kuivuta kwa mkupuo, basi anainua kichwa, miguu inazama, anapiga mateke kujiokoa, na mateke hula hewa kuliko mikono. Toa hewa polepole kwa pua tangu uso unapoingia majini, kisha geuza kichwa ubavuni, jicho moja libaki chini.

Ziwani hakuna ukuta wa kukupumzisha, ila kuna mitumbwi yenye injini isiyokuona. Jifunge kiunoni kamba ya mita 2 yenye bidoni tupu ya lita 5, kifuniko kimekazwa, uogelee sambamba na ufuko pale unapofika chini kwa miguu. Mvua ikinyesha, kaa mbali na midomo ya mitaro; kipindupindu Goma si hadithi. Gesi inayosemwa sana kuhusu Ziwa Kivu, methani na hewa ukaa, imefungiwa kilindini, kwa kawaida haikufikii. Cha kuogopa ni mazuku: hewa ukaa inayotuama kwenye vibonde vya ufukweni asubuhi isiyo na upepo. Haionekani, na inaua.

Wapinzani nao wana lao: kuogelea hakuikomazi mifupa kama kutembea na kukimbia, na pisini inalipiwa. Mkazi wa Bukavu akipanda kwa haraka kutoka ziwani hadi Kadutu, mtaa wa mlimani, moyo wake unapata kazi ileile bure. Kwa kijana mzima wa magoti, naona mlima unashinda. Kwa mzito au mgonjwa wa viungo, maji. Anayechagua maji atumie fedha zake za mwanzo kumlipa mtu wa kumrekebisha pumzi, kabla ya kununua miwani.