Mlinzi Wangu Analia Mlangoni

Chanzo cha yote ni mwizi wa pampu. Alikuja usiku, akafungua nati moja moja kwa utulivu wa fundi aliyekwisha kulipwa nauli, akaondoka na pampu ya maji, mpira wa kumwagilia na ndala yangu ya kushoto. Pampu naelewa, mpira naelewa. Ile ndala mpaka leo inanisumbua.

Wiki hiyo hiyo vijana wa ulinzi shirikishi wakapita kukusanya mchango, elfu tatu kwa mwezi kila nyumba. Nikawakatalia. Na sikuwakatalia kistaarabu. Nilipanda juu ya ngazi ya baraza, majirani wakisikia, nikatangaza kwamba hela yangu sasa inakwenda kwa mlinzi asiyelala. "Nanunua mbwa!" Kiongozi wao, ambaye wenzake humwita Kamanda, hakubishana. Alifungua daftari, akaandika jina langu upande wa wadaiwa, akapiga mstari chini yake mara mbili, akaenda zake.

Mbwa nilimpata Mbezi kwa jamaa mmoja mwenye maneno mengi. Baba, alisema, ni jamani shepadi kabisa. Mama je? "Mama amekulia karibu na kituo cha polisi." Alitaka elfu themanini, nikatoa sitini, nikapanda bodaboda kurudi Kinyerezi na boksi la biskuti mapajani, sikio moja likipepea nje. Mwanangu wa miaka saba alimpa jina la Komandoo kabla boksi halijafunguliwa. Lilipofunguliwa, Komandoo akatoka, akamwona jogoo wa jirani, akajikojolea, akakimbilia katikati ya miguu yangu.

Hakutoka hapo tena. Nikienda bafu la uani, yuko nje ya mlango anapumulia uwazi wa chini. Nikikaa, analalia kidole gumba cha mguu. Nikisimama kujinyoosha tu, naye anasimama, anatetemeka, macho yamejaa, kana kwamba nimeaga nakwenda Ulaya.

Ndani hakuruhusiwa. Mama watoto alishaweka sheria tangu siku ya kwanza, akiwa ameshika mwiko: "Mbwa ni wa nje. Siku atakayokanyaga zulia langu, mimi natoka, yeye abaki apike." Kwa hiyo Komandoo alijengewa banda uani. Nilimwita fundi wa vitanda, nikamwambia uzao wake ni wa jamani shepadi. Fundi akasema basi tujenge la ukubwani, tusije tukarudia gharama. Akaliwekea dari, sakafu ya mbao na mlango ambao hata mbuzi wawili wangepishana. Komandoo, mwenye ukubwa wa mkate wa boflo, aliliangalia lile banda kama mtu aliyepewa ukumbi wa harusi alale peke yake.

Basi usiku akaanza. Wasiojua wanadhani mtoto wa mbwa hulia tu. Hapana, kuna mpangilio. Kwanza kinakuja kisauti chembamba, kama bawaba iliyokosa mafuta. Kinapanda. Halafu zinaingia kucha mlangoni, krrr, krrr, krrr. Halafu anatupa kichwa nyuma na kutoa mlio mmoja mrefu wa kutangaza msiba. Baadaye kimya. Unajigeuza, unavuta shuka, unamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa anavuta pumzi.

Usiku wa kwanza nilifungua mlango mara tano. Wa pili, nane. Wa tatu mke wangu aliziba masikio kwa pamba, akawasha feni namba tatu, akaniambia mzazi wa huyo mtoto ni mimi.

Daktari wa mifugo alipokuja kumpa dawa ya minyoo na kunipangia tarehe za chanjo (ya kichaa cha mbwa alisema atarudi akitimiza miezi mitatu), nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hakuna sindano ya kilio. Akacheka mpaka akaweka mkoba chini. Akanieleza kwamba huyu mnyama wiki zake zote nane amelala juu ya ndugu zake, hajui usingizi wa peke yake unafananaje. Anaita wenzake, na kila anapoita unatokea wewe. "Ukimfungulia akiwa analia, unamlipa mshahara. Ni nani anayeacha kazi inayolipa?"

Akanipa masharti. Mchana nimzoeshe: nitoke, nirudi kabla hajaanza kulia, dakika moja, kisha mbili, kisha tano, polepole. Kutoka nisimuage, kurudi nisimshangilie. Nimwachie kitu cha kutafuna. Usiku nimtoe akojoe, maana umri huo mkojo haukai, lakini mlango nisiufungue mpaka anyamaze. "Hesabu sekunde thelathini za kimya. Akilia katikati, anza moja." Na bandani nimwekee nguo niliyoivaa, yenye harufu yangu.

Mke wangu alikuwa dirishani jikoni akichambua mchicha. Nilimwona midomo inacheza, kama mtu anayekariri namba ya simu. Sikutilia maanani.

Jumamosi nikaanza mazoezi. Nafungua geti, natoka bila kuaga, nasimama chini ya mwembe wa barabarani, nahesabu sitini, narudi nimekunja uso. Natoka tena. Dada mwenye genge upande wa pili alivumilia safari sita. Ya saba akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ya kumi akanyamaza na kumwita mwenzake. Ya kumi na tatu, nikiwa pale chini ya mwembe natazama saa, alivuka barabara na nyanya mbili mkononi, akaniambia kwa huruma ya kweli: "Shemeji, nenda tu ukaombe msamaha. Ndoa zina mambo."

Lakini dawa ilikuwa inafanya kazi! Jumapili jioni Komandoo alikaa dakika kumi peke yake anaguguna mfupa, hata masikio hakuinua. Nikalala Jumapili hiyo nikijiona mkufunzi.

Jumatatu, saa nane usiku, bawaba ikaanza kulia. Nikaamka kimya kimya, nimevaa fulana na khanga ya mke wangu kiunoni, simu nimeiacha kwenye chaji. Nikasimama nyuma ya mlango nikisubiri zile sekunde thelathini, nikazipata jaribio la nne. Nikatoka. Nikampeleka akakojoa. Nikamrudisha bandani, nikakumbuka habari ya nguo, nikavua fulana nikamtandikia. Akainusa, akazunguka mara tatu, akajikunja, akafumba macho. Mimi nimesimama pale kifua wazi, mikono kiunoni, najisifu moyoni.

Nyuma yangu nikasikia: klaa.

Sauti ya komeo naijua. Mama watoto alikuwa ameamka kwenda msalani, akakuta mlango wa mbele umerudishiwa tu, akanilaumu mimi na ukoo wangu kama kawaida, akakomea, akarudi chumbani kwenye pamba na feni yake.

Nikagonga kwa adabu, nisiamshe mtaa. Hakuna. Nikagonga zaidi. Komandoo akaamka, akaja kunisaidia. Mimi nagonga, yeye anakwangua. Mimi naita "Mama!", yeye anaitikia "Uuuuu!" Tukaenda hivyo kwa muda, tukapatana hata mapigo. Hatimaye ikatoka sauti ya usingizini, kwa mbali: "Kimya huko! Sifungui mlango kwa anayelia!"

Manyunyu yakaanza. Kipindi hicho ni masika, na mbu wa Kinyerezi hawahitaji kutambulishwa. Nikaangalia baraza, inavuja. Nikaangalia banda. Lina dari. Kuna fulana yangu mle. Hapo ndipo nilipomshukuru fundi wa vitanda, maana niliingia vizuri tu mpaka magotini, miguu ikabaki nje. Komandoo akapanda kifuani, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyepata haki yake baada ya kesi ya miaka mingi. Tukalala.

Niliamshwa na mwanga kwenye nyayo.

"Nyie, kuna miguu humu."

"Ya mtu?"

"Ya mtu."

"Toka taratibu! Mikono juu!"

Sijui kama umewahi kutoka kwenye banda la mbwa mikono ikiwa juu. Haiwezekani. Nilitoka kwa mgongo, kama nyoka aliyekosea njia. Geti letu siku hizo lilifungwa kwa waya tu, na walikuwa wamekwisha kuingia: vijana wawili wenye marungu, na mbele yao Kamanda. Tochi yake ikapanda kutoka vidoleni, ikafika kiunoni, ikasimama. Akainama kidogo. Akasoma khanga kwa sauti, neno moja moja.

"Sina. Siri. Nina. Jibu." Akainua macho. "Haya, jibu lipi?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba. Analala humu?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

Komandoo alikuwa amejificha nyuma ya vigimbi vyangu. Kamanda akamulika. "Huyu ndiye yule asiyelala?"

Komandoo akapiga miayo.

Alinijua vizuri sana. Anayekudai elfu sita hasahau sura yako hata gizani. Lakini alitaka kula raha yake polepole, na mimi sikuwa na pa kwenda. Akasema sheria ni sheria, mtu asiye na kitambulisho lazima atambuliwe na mjumbe. Akapuliza filimbi, kijana mmoja akatumwa mbio. Aliyebaki akanishika mkono, tusubiri getini. Nilipopiga hatua tatu tu, Komandoo akatupa kichwa nyuma, akatangaza msiba. Yule kijana akashtuka, akanirudisha. Kimya. Akanipeleka tena. Msiba. Akanirudisha. Kimya. Akanitoa na kunirudisha mara nne, kila safari akisogea mbali kidogo, na nikaona, kwa uchungu, kwamba ananifanyia mazoezi yangu mwenyewe.

"Kamanda," akasema, "mwizi gani analiliwa na mbwa?"

"Labda amemzoea. Amekuja mara nyingi."

Mjumbe akafika. Ni mzee wetu wa heshima, na kwa vile ilikaribia alfajiri alikuwa tayari ametawadha, kanzu nyeupe imenyooka mpaka inakata. Komandoo hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Alitoka mbio mkia ukizunguka kama feni. Mzee, ambaye kwenye mikutano ya mtaa hulalamika magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu, alikamata kanzu kwa mikono miwili na kuruka juu ya rundo la tofali zangu kwa hatua moja.

"Mshikeni! Akinilamba huyo ni kuosha mara saba, na moja kwa udongo, na adhana hiyo inakuja!"

Nikamshika. Akiwa kule juu, akiangalia chini, mjumbe akanitambua. "Ndiye. Anaishi hapa. Na anadaiwa mchango."

"Miezi miwili," Kamanda akasaidia.

Pazia likasogea. Mama watoto alikuwa dirishani, pamba moja bado ipo sikioni. Akatazama kwa zamu: mume, kifua wazi, mbwa mkononi, khanga yake mpya ina matope, vijana na marungu, mjumbe juu ya tofali. Hakuuliza swali hata moja. Miaka tisa ya ndoa.

"Mke wangu, nifungulie."

Komandoo kusikia nikisihi, akaanza bawaba. Kijana mmoja akashindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Kamanda akaanza kueleza. Mjumbe akadai kiti cha kushukia. Wote kwa pamoja.

"Daktari alisemaje?" akauliza mke wangu.

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wewe. Alisemaje?"

"Sekunde thelathini," nikasema. "Za kimya."

"Basi." Akaegemea nondo za dirisha. "Nahesabu. Wote."

Hakuna aliyebisha. Kamanda akazima tochi, sijui kwa nini. Mjumbe akakumbatia kanzu yake. Komandoo nilimweka chini, akakaa juu ya mguu wangu, mdomo umefungwa, ametulia tuli. Kati yetu wote ni yeye pekee aliyekuwa na mazoezi. Manyunyu yalikuwa yameacha. Sauti ya mke wangu ikapanda namba taratibu, bila haraka, kama anayehesabu mayai. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano. Nikaanza kuinua mguu mmoja kuelekea ngazi. Ishirini na nane.

Paa! Kijana amejipiga mbu shingoni.

Kimya kirefu. Sote tukamtazama. Halafu dirishani:

"Moja."