Rambirambi za Celestine

Kwenye zile nyumba tulizokuwa tukipanga Sanyuanli, kule Guangzhou, ukuta ni jina tu. Jirani akikoroga chai unajua katia sukari vijiko vingapi. Kwa hiyo nisilaumiwe kwamba nilimsikia Oga akilia. Asiyetaka kusikiwa apange hoteli.

Oga, ndivyo tulivyomwita wote, alikuwa Mwigbo mtu mzima, mzaliwa wa kijiji kimoja upande wa Enugu, Nigeria, muuza jinzi za jumla. Shati limenyooshwa, saa kubwa, na sauti ya kumfanya dalali wa Kichina ashushe bei kabla hajamaliza kubonyeza kikokotoo. Mtu wa namna hiyo akilia usiku, wewe wa chumba cha pili usingizi unautolea wapi?

Ilikuwa Desemba, na Desemba Waigbo hurudi vijijini kwao, sawasawa na Wachagga wetu. Asiyeonekana Krismasi, kijiji kinaamini ama kafilisika ama kafungwa. Mwaka huo Oga hakwenda. Kontena lake lilikwama bandari ya Apapa, Lagos, na hela zote zimo humo. Lakini hayo niliyajua baadaye. Nilichosikia usiku ule ni gita linatiririka taratibu, sauti ya mwanamume inaimba kama anasoma wasia, halafu kwikwi.

Nikagonga. Akafungua, macho mekundu, leso mkononi.

"Oga, kuna nini?"

Kiingereza changu ni cha sokoni: bei gani, pisi ngapi, mzigo unatoka lini. Chake kilikuwa cha kwao, na kinakwenda mbio. Nikadaka nilichoweza.

"Ni Celestine," akasema, anatikisa kichwa.

"Kafanyaje?"

"Ajali ya gari. Mwanamume yule! Bado kijana kabisa." Akanyoosha kidole kwenye redio, sikuelewa kwa nini. "Angekuwepo leo..." Akashindwa kumaliza.

Nikamshika mkono, nikampa pole, nikarudi chumbani, nikampigia simu Mama Makobazi.

Mama Makobazi ndiye alikuwa mwenyekiti wetu Watanzania wa jengo lile. Hakuchaguliwa na mtu, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Jina alilipata kwa biashara yake, na kwao ni Tanga. Msibani hana mpinzani: wengine Mungu kawapa sauti ya kuimba, yeye kapewa ya kulia.

"Kafa nani?"

"Celestine."

"Nani yake?"

"Nadhani mdogo wake."

Ile "nadhani" ilipotelea njiani. Kufika asubuhi, Celestine alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kaacha mjane na watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya.

Michango ikaanza. Siku hizo China watu bado tulilipana kwa noti. Mweka hazina wetu, kijana wa Kichagga muuza vipuri, alipita mlango kwa mlango na daftari. Aliyetoa akaandikwa kwa wino wa bluu, aliyeahidi akaandikwa kwa wino mwekundu. Zikapatikana yuani 1,260, nyingi zikiwa noti za kumi na za ishirini, maana mfanyabiashara wa Kariakoo haachii mia kirahisi hata kwa maiti. Tukazitia kwenye bahasha nyeupe.

Jioni tukaenda. Mbele Mama Makobazi, khanga moja kiunoni, moja kichwani. Nyuma sisi, nyuso tumezikunja, mmoja kabeba chupa mbili za chai ya tangawizi. Tulipokaribia mlango tukasikia magita na vicheko. Nikasita.

"Twende," akasema Mama. "Maziko ya kwao ni shangwe. Nimeona kwenye filamu."

Mlango ukafunguliwa na Oga mwenyewe, kavaa isiagu, ile kanzu fupi yenye vichwa vya simba, na kofia ya sufi ya mistari. Ndani wamejaa Waigbo wenzake, wote ambao Krismasi imewakutia ugenini, na harufu ya supu ya mbuzi yenye pilipili ya kutoa machozi bila msiba.

"Oga," Mama akaanza, "sisi Watanzania..."

Hakupewa nafasi ya kumaliza. "Tanzania!" Oga akanguruma. "Nyerere!" Akamkumbatia, akanikumbatia mimi, akamkumbatia hadi wa chupa za chai. Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kiigbo, na katikati ya maneno jina la Biafra, ile nchi ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria, likawa linajirudia. Mmoja wao akanifafanulia pembeni: tarehe 13 Aprili 1968, vita imepamba moto, Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Oga alikuwa mtoto. Baba yake aliisikia habari hiyo kwenye redio, akainuka akacheza peke yake uani.

"Na leo," Oga akasema, "mmekuja tena."

Tukatazamana. Mama Makobazi, ambaye sifa haimpiti, akajibu, "Ndiyo kazi yetu."

Ikaletwa kola, ile njugu chungu ya kukaribishia wageni, kwenye sahani. Ikazungushwa kwa watu, ikarudi kwa Oga, naye akashusha dua ndefu kwa Kiigbo, maana wao husema kola haisikii Kiingereza. Kila alipotua wenzake waliitikia "Iseee!" Nasi tukaitikia "Amina!" tukijua marehemu anaombewa. Kumbe dua ile, nilivyoambiwa, nusu nzima ilikuwa ya kontena la Apapa.

Ndipo Mama akasimama, akaweka bahasha mezani. Yeye anasema, mimi natafsiri kwa Kiingereza changu cha pisi na dazeni. Kazi ya Mungu haina makosa. Sote njia ni moja. "Celestine," akasema, "ametutoka."

Kusikia Celestine, Waigbo wote wakainamisha vichwa. "Eeh, Celestine," wakaitikia, na mmoja akajipiga kifua. Mama alikuwa akingoja hapohapo. Akaachia kilio kile cha Tanga, kinachoanzia tumboni, kinapanda, kinashuka, kinageuka kuwa mashairi. Oga alimtazama mdomo wazi. Akanisogelea, machozi yanamlenga.

"Hata kwenu mnampenda hivi?"

"Sana," nikajibu. Ningemwambiaje?

Mlango ukagongwa. Mlinzi wa jengo, Mchina mmoja mkali kweli, kapanda ngazi kuja kufoka kwa ajili ya kelele. Akamwona Mama anavyolia. Akaiona bahasha nyeupe mezani, na kwao bahasha ya heri ni nyekundu, nyeupe ni ya msiba. Akavua kofia, akainama, akaurudisha mlango polepole. Usiku ule yeye peke yake ndiye aliyejua tumefuata nini pale.

Aliyeharibu ni mweka hazina. Yule kijana hafungi hesabu pasipo maelezo kamili. Akafungua daftari, akauliza kwa adabu, "Na mazishi ni lini?"

"1977," akasema Oga.

Akaandika. Aliandika yote, tarakimu nne, ndipo kalamu ikasimama.

Oga akaenda kabatini, akarudi na kaseti, akamwekea Mama magotini. "Huyu hapa." Celestine Ukwu, na bendi yake ya Philosophers National, mwanamuziki wa hailaifu, ule muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, ambaye nyimbo zake huwaza dunia na safari ya binadamu, hazina haraka, hazibembelezi mtu. Kweli alikufa kwa ajali ya gari, kweli mwaka 1977, kweli alikuwa bado kijana. Oga alikua na sauti yake nyumbani kwao, jioni, watu wazima wamekaa nje. Akiwa mbali na kwao Desemba, akiisikia, machozi hayangoji ruhusa.

Mama akamtazama marehemu wake kwenye jalada. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, anatabasamu kwa ajili ya wenyeji, "nimetoa machozi ya kweli."

"Tuwaombe warudishe," mweka hazina akanong'ona.

"Rambirambi ikishatua mezani hairudi. Unataka tuchekwe Afrika nzima?"

Tukiwa bado tunabishana, Oga keshaifungua bahasha. Akaona zile noti ndogondogo, uso ukamwaka. Kwake mgeni anayeleta noti ndogo karamuni ni mgeni anayejua kucheza. "Osadebe!" akaagiza.

Ukawekwa Osondi Owendi wa Chifu Stephen Osita Osadebe, wa mwaka 1984. Unaanza taratibu, magita yanazungumza, tarumbeta linakatiza, mzee anaingia na sauti yake nene ya mtu aliyekula akashiba. Oga akamnyanyua Mama Makobazi, akambandika noti ya kumi kwenye paji la uso.

Mtu wa Tanga, kalelewa na taarabu, kutunzwa hafundishwi. Kiuno kilianza kabla ya miguu. Noti nyingine begani, nyingine kwenye kilemba. Na hao wakongwe wa hailaifu ya Kiigbo si watu wa nyimbo za dakika tatu: wimbo mmoja waweza kumaliza upande mzima wa santuri. Mama hakuketi. Nyuma yake mweka hazina anatambaa sakafuni, anaokota noti, anaandika.

"Kwetu sheria ya Benki Kuu ya 2007, inayokataza kumtunza mchezaji kwa noti za naira, ingetufunga kwa hili," akasema Mwigbo mmoja, naye anatoa pochi yake.

"Kwani hii ni naira?" Oga akamjibu, anambandika Mama shavuni noti yenye sura ya Mao.

Ikafuata bendi ya Oriental Brothers kwenye kaseti, vijana wa upande wa Owerri waliochipuka baada ya vita. Hapo nikaona daftari limeanguka. Magita ya bendi zile yalichota sana kwa Wakongo. Ikifika katikati, waimbaji wananyamaza, gita linaachiwa lizunguke peke yake, na mtu yeyote aliyekulia kando ya redio ya baba yake, iwe Dar au Moshi, analijua lile sebene hata kama hajui neno moja la Kiigbo. Mweka hazina alikuwa chini ya meza, anafukuza noti ya ishirini. Hakutoka. Nikainama kuchungulia. Amekaa, magoti kifuani, noti kaikamata, analia.

"Mama yangu kachinja mbuzi peke yake Marangu," akasema. "Nilimdanganya nitakuja."

Sikuhitaji kutafsiri. Oga, na isiagu yake, na saa yake, akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akakaa pembeni yake. Mtu akawapelekea supu humohumo.

Asubuhi tukahesabu. Ziliingia 1,260, zimetoka 1,610, maana Waigbo nao walikuwa wakiongezea. Mweka hazina, macho yamevimba, akatoa uamuzi: kila mchangiaji arudishiwe chake, ziada iende kwenye mfuko wa wanachama. Mama Makobazi akasema mfuko upi? Bahasha ilikwenda kwa Oga ikawa mali ya Oga, na Oga kamtunza yeye, kiuno kimefanya kazi usiku kucha, na taarabu nzima inajua tunzo la mchezaji haligawanywi. Akazifunga zote kwenye pindo la khanga. Ugomvi ukahamia ngazini, mlinzi akapanda tena, akatuona tulivyokunja nyuso, akavua tena kofia.

Na waliotangulia kufika kudai fedha zao walikuwa wale wa wino mwekundu.