Dakika 40 za Kupigana na Mlango

Mlango ule haukuwa na kosa. Ulikuwa tofali moja la plastiki, la njano, lenye vinundu vinane mgongoni, nimeusimamisha mwisho wa korido nikisubiri wachezaji waufungue kama watu waliolelewa vizuri. Wakautwanga kwa dakika 40.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu yenye nyuso 20 inaamua kama umefaulu au umejiaibisha. Kwetu hapa Dar tuko wanne. Mhasibu ni shujaa wa upanga, mwalimu wa kemia ni mchawi, na fundi simu ni mwizi, ingawa mwenyewe anasisitiza aitwe mpelelezi. Msimuliaji ni mimi, kwa hiyo aibu zote za usiku huo ni zangu.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hupanga mezani visanamu vilivyopakwa rangi, vya kimo cha milimita 28 hivi. Nikapiga hesabu ya kuagiza: bei, usafiri, ushuru. Joka moja lilikaribia bei ya godoro. Na godoro nalihitaji.

Ndipo macho yangu yakaangukia ndoo ya mpwa wangu, bwana mdogo wa miaka sita. Ndani mlikuwa na Lego, yale matofali ya plastiki ya kuchezea yanayobanana, za kweli chache alizoletewa na baba yake kutoka safarini, na nyingine lukuki za Kariakoo, ambazo undugu wao na Lego ni wa kuunga kwa gundi.

Wenzangu walipoguna, nikawahutubia. Babu zetu wamecheza drafti kwa vizibo vya soda, hawa kifudifudi, hawa chali, na hakuna aliyewahi kudai kingi asiwe kizibo. Tena Gary Gygax mwenyewe, aliyeutoa mchezo huu na Dave Arneson mwaka 1974, alikuwa akichezesha kwa midude ya plastiki ya bei chee iliyotengenezwa Hong Kong. Kati ya mazimwi ya mchezo, yule dubu mwenye kichwa cha bundi alianzia humo, na yule mdudu anayekula chuma pia. Hata vipimo vilitukubali: mraba wa ramani ni inchi moja, yaani milimita 25 hivi, na vinundu vitatu vya Lego ni milimita 24. Nikajiona mhandisi kabisa.

Bwana mdogo akatoa masharti. Ndoo haitoki sebuleni. Yeye atakaa pembeni kulinda mali. Na aiskrimu, ilipwe kabla. Nikalipa. Tukampa sharti moja na sisi: wakubwa wakicheza, asiongee.

Nikaandika orodha nyuma ya bahasha. Kijani, vibwengo. Bluu, wanakijiji watatu waliotekwa, ambao ndio tuliokuja kuwaokoa. Njano la vinundu vinne, zimwi. Njano la vinundu vinane, mlango. Kijitu chenye mikono na miguu kilikuwa kimoja tu ndoo nzima, tena hakina kichwa. Mhasibu akakidaka hivyo hivyo. Joka alilijenga mwenye mali, jekundu, lenye mabawa mawili na magurudumu manne. Nikamuuliza joka gani lina magurudumu. Akanitazama kwa huruma.

"Anko, atachoka kutembea."

Mambo yalianza vizuri, mpaka sambusa zilipoingia. Mtu mmoja, simtaji lakini anafundisha kemia, akaona bahasha iko wazi akaifanya sahani. Nilipokuja kuichungulia, mafuta yalikuwa yamekula wino wote, limebaki neno "zimwi" linaelea peke yake.

"Si ni akili ya kawaida?" akasema fundi. "Kubwa ni zimwi, dogo ni mlango."

Ikaniingia akilini. Hapo ndipo nilipopotea.

Mhasibu akauvaa mlango kwa upanga. Nami, msimuliaji mwaminifu, nikawa naurushia dadu ili nao ujibu mapigo. Mlango ulimng'ata mhasibu mara mbili. Ukamtupa ukutani. Ulipigana kiume, lazima niseme. Wakati huohuo mwizi wetu alinyata hadi kwa zimwi halisi, akalipapasa tumbo lote akitafuta kitasa, asikione, akatoa waya na kuuchomeka alipodhani ni tundu la ufunguo. Sijui lilikuwa tundu gani la zimwi. Alifaulu lakini, dadu ilisimama 19.

Mara umeme ukakatika.

Hatukuona sababu ya kuacha. Tukawasha tochi za simu, na kama hujawahi kutazama plastiki ya bluu na ya kijani chini ya tochi ya simu yenye chaji asilimia nane, usitucheke. Mwalimu akaona vijitofali vitatu vimejikusanya kona moja, akasimama, akanyoosha mkono kama yuko maabara.

"Mpira wa moto!"

Mpira huo huchoma futi 20 kila upande kutoka katikati, yaani miraba minne ya ramani yetu, na kipigo chake ni dadu nane. Tukazirusha kwa shangwe. Hakubaki mtu.

Kukawa kimya. Kisha kikasikika kisauti kutoka gizani:

"Anko, mmewaunguza wanakijiji."

Tukageuka wote wanne.

"Vibwengo wako nyuma ya sahani. Mmoja alidondoka, yuko chini ya kochi. Na huo mlango, mbona mnaupiga?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Si mlisema nisiongee."

Mhasibu, kwa hasira za mtu aliyeng'atwa na mlango, akainuka kwenda kumtafuta kibwengo chini ya kochi. Alikuwa peku, viatu tunavivua kibarazani. Hakufika kochini. Kibwengo alikuwa njiani, vinundu juu, akimsubiri. Ile sauti sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mwenye kitambulisho cha uhasibu. Jirani alibisha hodi kuuliza kama kuna nyoka. Nikamkata shujaa pointi nne za uhai, maana kanuni ni kanuni.

Taa zikarudi, na dada naye akarudi kutoka kazini. Kutazama saa, kumtazama mwanawe, kunitazama mimi. Hakusema kitu. Bwana mdogo akaelewa, akavuta ndoo, akaanza kukusanya mali. Alipofika kwa joka akaling'oa bawa la kwanza. Akang'oa la pili.

"Subiri kwanza," mhasibu akalalamika, kashika unyayo. "Huyo ndiye adui mkuu! Hatujapigana naye!"

"Si joka tena. Ni daladala, inakwenda Mbagala." Akalisukuma mpaka mbele ya kijitu kisicho na kichwa, magurudumu yote manne yakizunguka vizuri sana. "Mnapanda, hampandi?"

Tukatazamana. Mwizi wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Akakiokota kitofali chake taratibu, akakibana mgongoni mwa lililokuwa joka. Kikashika.

"Nauli," akasema mtoto, kiganja wazi.

Fundi akaingiza mkono mfukoni. Mfuko wa suruali, ule wa kweli.