Chai ya shangazi

Ripoti ya shangazi imetoka, na tangu juzi nyumba nzima tumevimba kwa hasira. Daktari ameandika kwamba kwenye picha misuli imewaka mwili mzima, tezi za kwapani, ambazo ndizo tulizozifuata, hazisomeki, kipimo cha PET, yaani picha ya kusaka saratani, kirudiwe. Kirudiwe! Ukoo mzima ulichanga, mama wa watu akapanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, na leo tunaanza upya kwa sababu ya kikombe cha chai ya maziwa na mandazi mawili.

Aliinywa saa moja asubuhi aliposhuka basi. Saa tatu akachomwa sindano. Karatasi ya maelekezo alikuwa nayo mkobani, Kiingereza kitupu. Mapokezi wakamuuliza kama amefunga, akaitikia, kwani tangu yale mandazi alikuwa hajagusa kitu. Wakapima sukari ya damu, ikasoma sawa, wakaendelea.

Kipimo hiki kinategemea ulafi wa saratani. Mgonjwa hudungwa sukari iliyofungwa florini-18, chembe yenye mionzi, seli zenye njaa kali huikusanya, na mashine huona ilikojazana. Lakini ukila, kongosho linamwaga insulini, na insulini inaifungulia misuli milango. Sukari ile ya mionzi inakimbilia mapajani na mabegani, uvimbe unabakiziwa makombo. Na damu inaweza kusoma vizuri kabisa ilhali insulini ingali juu! Ndiyo maana swali la "umefunga?" halitoshi. Wahudumu, mwulizeni mgonjwa ametia nini kinywani mara ya mwisho, na saa ngapi. Mwulizeni kwa Kiswahili. Mpigieni simu jana yake mumwambie: muda wa saa sita kabla ya sindano bila chakula, maji matupu tu, chai ya rangi yenye sukari nayo ni chakula.

Kisha ile saa moja ya kusubiri baada ya sindano. Shangazi alikaa na kanga moja kwenye chumba chenye kiyoyozi, anatetemeka. Mwili ukipata baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni na kwapani huwaka kwa ajili ya kuzalisha joto, na kwenye picha yanaweza kufanana na tezi zenye ugonjwa. Blanketi moja tu lingetosha! Akapiga soga na jirani yake, na misuli ya koo nayo ikala sehemu yake. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Najua nitajibiwa kwamba tatizo ni mashine. Haya, mashine zina kazi yake. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, walitangaza picha za kwanza za binadamu kwa mashine ya karibu mita mbili inayouona mwili wote kwa mpigo, na uwezo wa namna hiyo unasaidia kuuona uvimbe mdogo. Wanaorekebisha ukungu unaoletwa na kupumua kwenye mapafu na ini, nawaheshimu. Na saratani ya tezi dume mara nyingi haiipendi sukari, inatafutwa kwa dawa ya mionzi inayoshika PSMA, protini iliyojaa kwenye seli za saratani hiyo. Yote sawa. Lakini mlaze shangazi na chai yake ndani ya mashine hiyo ya mita mbili, mtapata picha safi sana ya mapaja yake.

Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Huwezi kuiweka akiba ya kesho. Dozi ya shangazi ilikwisha siku ile ile, na pesa zetu nazo.

Alhamisi tunarudi. Nimemwandikia maelekezo kwa herufi kubwa, kayabandika kwenye kabati la vyombo. Jana usiku akanipigia: "Mwanangu, na tambuu je?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nimeongeza mstari: tambuu pia hapana, kutafuna kunawasha taya.