Supu ya Salvia

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kwetu ukisahau mpini wa jembe shambani jioni, asubuhi unaukuta na majani. Kwa hiyo nilipohamia Phoenix, jimbo la Arizona, nikaona yadi za majirani zimetandazwa kokoto tupu na vichaka viwili vitatu visivyomwagiliwa na mtu, nikawahurumia. Nikasema hawa hawajapata mwalimu.

Nikaenda kununua salvia. Ni ndugu wa seji, ile ya kutia kwenye nyama, ila hizi hupandwa kwa ajili ya maua. Nilichukua miche 12. Sita ilikuwa Salvia greggii, yenye maua mekundu, ambayo asili yake ni nyika za Texas na kaskazini mwa Mexico. Sita mingine Salvia clevelandii, ya buluu inayoelekea zambarau, kutoka vilima vya kusini mwa California. Hiyo ukiigusa kwa mguu tu, suruali inanukia mpaka jioni. Yote ilikuwa nusu bei. Ilikuwa mwisho wa Juni 2023. Mtu wa kwetu haulizi kwa nini kitu kiko nusu bei, anauliza kama kimebaki kingine.

Sababu niliijua baadaye: hakuna mwenye akili zake anayepanda kichaka Phoenix mwezi Juni. Hupandwa Oktoba na Novemba, mizizi ipate majira ya baridi na machipuko yote kushuka chini kabla jua halijawa adui. Mwaka ule jua lilikuwa adui kweli. Kuanzia tarehe 30 Juni mji ulipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi.

Nikashika koleo. Pigo la kwanza likalia ngo! kama nimegonga kengele ya shule. Chini ya udongo kiganja kimoja kulikuwa na kile wenyeji wanachokiita kaliche, tabaka la chokaa lililoshikana kama zege. Phoenix haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo hakuna maji ya kutosha kuiosha chokaa ishuke mbali. Inafika pale maji yanapokomea, inakauka, inagandana, mwaka baada ya mwaka. Nikatafuta mtaimbo. Siku tatu nikatoboa mashimo 11, kila moja upana wa sentimita 40 na kina hichohicho, kuta zake za kuteleza, sakafu ngumu. Kwa macho ya mkulima yalikuwa mashimo. Kwa macho ya maji yalikuwa masufuria.

Masufuria hayo nikayajaza samadi nusu na mboji nusu, kama nilivyofundishwa kwa kabichi. Salvia haitaki hayo. Ukiinenepesha hurefuka, hulegea, huanguka ubavu, na maua huyaona kwa jirani. Pia samadi na mboji huhifadhi maji kama sponji, na ndani ya sufuria ya kaliche maji hayo hayana pa kwenda. Dawa yake ni kuirudishia udongo uleule uliouchimba, bila kuongeza kitu.

Mche wa 12 ulinikuta sina mgongo tena. Nikauchomeka juu ya kifusi, lile rundo la changarawe na vipande vya kaliche nilivyotoa mashimoni, nyuma ya nyumba upande wa mashariki. Mpira wa maji haufiki huko. Nikauambia nakuja kesho.

Sikwenda.

Hii mingine 11 niliihudumia kama wagonjwa. Asubuhi kabla ya kazi, maji. Saa kumi alasiri nikirudi, maji. Saa sita mchana mke wangu alikuwa ananipigia picha: majani yamelala. Mimi jibu langu lilikuwa moja: kiu! Nikirudi naongeza.

Hapa ndipo wengi tunapoua. Kwenye nyuzi 43 jani hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kupandisha, hata mmea ukiwa umesimama kwenye tope, kwa hiyo kulegea mchana si ushahidi wa kiu. Uangalie alfajiri. Ukiwa umeinuka, uache. Ukiwa bado umelala, chukua kipande cha nondo ukichomeke ardhini: kikigoma karibu na juu, mwagilia, kikizama chenyewe kama kwenye uji, tatizo ni mizizi, na maji utakayoongeza ni ya kuoshea maiti. Mimi nondo nilikuwa nayo. Ilikuwa inazuia mlango wa stoo.

Za clevelandii ndizo zilizotangulia. Huko kwao California kiangazi hakina mvua, kwa hiyo majira hayo zenyewe hupumzika, hupunguza majani na kusubiri. Mimi nilikuwa naziamsha mara mbili kwa siku.

Wiki ya tatu ya Julai akaja mama mkwe kutoka Tanga. Alikuwa ameshasimuliwa bustani kwa simu, nami nilisimulia kwa mbwembwe. Alasiri akatoka uani na kanga yake, akaona mpira umelala juu ya kokoto, akafungua koki achukue udhu.

“Allah! Baba we, haya si maji ya chai!”

Nikakimbia, nikafunga. Mkono ulikuwa mwekundu, tukautia maji baridi ya jikoni, alhamdulillahi haukuchubuka. Mpira uliolala juani Phoenix kiangazi hupasha maji mpaka yanaunguza ngozi, ni lazima uyaache yamwagike pembeni hadi yapoe, au umwagilie alfajiri tu. Nilikuwa silijui hilo kwa sababu mimi nilishika mpira upande wa koki, miche ndiyo iliyokuwa upande wa mdomo.

Mama akageuka akaitazama bustani kwa muda.

“Mwanangu, na haya maua unayapa maji hayahaya?”

“Ndiyo, mama.”

Akainama, akashika mche mmoja shingoni kwa vidole viwili. Ukatoka mzima, bila ubishi, kama kijiko kwenye uji. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Ukiivuta, ganda linavuka linabaki vidoleni, ndani uzi mtupu. Harufu ilikuwa ya mfereji wa jikoni. Udongo wa moto uliojaa maji hauna hewa, na hapo ukungu wa kuozesha mizizi hujiona nyumbani.

Mama akachungulia shimo, akaona kuta za kaliche, akaona maji yametuama yanatoa mvuke kidogo.

“Sufuria ipo,” akasema. “Majani yapo. Maji ya moto yapo. Mwanangu, hii supu. Umesahau ndimu.”

Mke wangu aliingia ndani asicheke mbele yangu. Alichekea dirishani.

Mama akaendelea kukagua mpaka nyuma ya nyumba, mimi nikiwa namfuata kama mshitakiwa. Kule juu ya kifusi, greggii niliyoitelekeza ilikuwa imesimama, ina vishada vinne vyekundu, na kandege kadogo kuliko yule ndege chozi wa kwetu kanaelea mbele ya ua, mabawa hayaonekani kwa kasi. Juu yake ukutani palikuwa na kibomba cha kiyoyozi. Tone, likanyamaza, tone. Maji baridi kidogokidogo, kifusi kinachochuja papo hapo, kivuli cha nyumba kuanzia mchana. Salvia ilipewa kila ilichotaka na mashine isiyojua kama ipo.

Oktoba nilikata vipandikizi kwenye huo mmoja, vya sentimita kumi, chini ya kifundo, pale jani linapochipukia, nikapukusa majani ya nusu ya chini na kuvichomeka kwenye mchanga mnyevu kivulini. Baada ya mwezi vilikuwa na mizizi. Mashimo ya zamani sikuyagusa. Nilikusanya udongo wa kokoto nikainua matuta ya sentimita 40, nikapanda shingo ya mche ikiwa juu kidogo ya udongo, nikatandaza kokoto bila kuzisogeza shinani. Vidude viwili vya kudondosha maji kwa kila mmea, vinavyotoa lita nne hivi kwa saa, kwa muda wa saa mbili kila alfajiri ya kumwagilia: mwanzoni kila baada ya siku tatu, kisha mara moja kwa wiki, na ikishashika, kila siku kumi kiangazi na mara moja kwa mwezi baridini. Februari napogoa theluthi moja, pale penye majani, maana ukikata mti mkavu haurudi.

Mama yuko Tanga sasa. Akipiga simu hanianzi mimi.

“Kiyoyozi hajambo?”