Chuma cha mguuni na utando wa bakteria

Mwandishi, hongera, ila habari umeiacha nusu. Umetuambia nanoteknolojia, yaani ufundi wa vitu vidogo mno, itafanya vyuma vya kwenye mifupa vishikane vizuri na mfupa, basi. Kushikana hakukuanza leo. Daktari mtafiti Brånemark wa Uswidi aliligundua hilo kwa titaniamu tangu miaka ya 1950, na mwaka 1965 akampandikizia mtu meno yenye mizizi ya titaniamu. Kipya ni uso wa chuma: unawekwa vijibomba vya makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), seli za mfupa zinapata pa kujishikiza.

Lililonigusa mimi ni madini ya fedha ya kupaka kwenye chuma, uliyoyataja mstari mmoja tu. Mpwa wangu aligongwa na bodaboda Mbagala, akawekewa chuma pajani. Mshono ulifunga, baadaye pembeni pakatoboka kitundu kinachochuruzika usaha, kila tukibadilisha bandeji, ya zamani imelowa. Antibayotiki tulinunua mpaka muuza duka la dawa akatuzoea. Daktari akasema bakteria wakishatulia kwenye chuma hujifunika utando, dawa inashindwa kupenya, kwa hiyo kitolewe. Sasa chembe za nano (ndogo mno) za fedha kazi yake ni kuwaua kabla hawajaweka makazi. Zikizidi zinadhuru hata seli zetu, hapo ndipo penye ugumu.

Na wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wapite MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, waone vijana wa bodaboda.

Bei je? Familia inachangishana kwenye grupu la WhatsApp kununua chuma cha kawaida. Hicho cha nano bima italipa? Waulize wahusika, utuandikie.